Njia ya Uji Hadi Mwaloni

Jumatatu, 18 Novemba 1996

Angela, mwalimu aliyekimbia vita Uvira, yuko kwangu Katubuka wiki ya pili sasa. Macho hayatoki ziwani. Leo mvuvi kaleta habari: mama yake Angela, Rozalia, atafika kwa boti Alhamisi asubuhi. Nikaapa: kitu cha kwanza kuingia kinywani mwa huyo mama ni uji wangu, tena wa moto! Jirani Veneranda akadakia. Eti kwa miguu yangu hii, uji utafika umeganda kama ugali. Mwanamke yule!

Jumanne, 19

Nimepima njia mbili za kwenda mwaloni, boti zinakofikia, sufuria kichwani. Shule sikwenda, herufi nilizipata ngumbaru, lakini akili ninayo. Saa sina, nikapima kwa rozari. Kwenda, nikashuka kilimani: matendo mawili, ya Salamu Maria kumi kumi. Kurudi, barabara kubwa: manne na ushee. Ya kilimani imeshinda! Veneranda anadai Salamu Maria za kilimani nilizikimbiza. Mimi!

Jumatano, 20

Angela kacheka mpaka kashika mbavu. Mara ya kwanza tangu aje. Kumbe alikuwa akifundisha fizikia. Kaniambia, koko (ndivyo wanavyomwita bibi kwao), umeshuka kwa njia moja, ukapanda kwa nyingine. Kushuka, uzito wako unakuvuta, kupanda, unaubeba. Huko si kupima, ni kupendelea. Tena sufuria ilikuwa tupu! Akanionya: mteremkoni ukijizuia ghafla, wewe unasimama, uji unaendelea na safari. Nikamjibu uji nimeupika miaka arobaini, unanitii.

Alhamisi, 21

Haukunitii. Mguu uliteleza, nikajikaza. Ngata ikabaki kichwani, sufuria ikatangulia bondeni. Mbuzi wa watu wakashukuru. Niliokoa kikombe kimoja.

Lakini nilifika wa kwanza! Rozalia kashuka anatetemeka, Angela kamkumbatia hamwachii. Nikapenyeza kikombe katikati yao. Kanywa chote, akauliza kama kuna kingine. Yewe! Ndipo Veneranda akatokea barabarani na sufuria imejaa, akawanywesha boti nzima. Hakunicheka. Alinifuta uji sikioni kwa kanga yake, huku analia. Na mimi nikalia. Wa kwake haukuwa na tangawizi, lakini nami nikakinga kikombe.

Ijumaa, 22

Rozalia ana dada Ujiji. Jumapili tunamfuata. Njia ziko mbili, kwa hiyo kesho nazipima vizuri, kama fizikia inavyotaka: kwenda njia moja kwa miguu, kurudi ya pili nimepakiwa kwenye baiskeli ya mkwe wangu Leodgar. Itakayokuwa fupi ndiyo tutapita.

Angela kashika kichwa. Maskini, hajalala vizuri.