Kioo Kilichonyooka Mno

Jumamosi, 19 Julai 2025. Kibiti

Siku ilikuwa njema mpaka saa nne. Mkuu wa shule ninayofundisha kapiga simu. Mgeni wa maonyesho yetu ya sayansi Jumanne kapatikana, anatoka chuoni Dar, mtaalamu wa leza. Na kwa kuwa mimi ndiye Dokta wa leza wa shule, nitampokea mimi. Nikauliza jina. Dokta Tabu.

Nilikuwa bandani nawapa kuku wa mama maji. Nikakaa humo humo, juu ya mavi ya kuku.

Dokta Tabu alikuwa msimamizi wangu. Yeye anajua kwamba sikumaliza. Hapa Kibiti hakuna mwingine anayejua. Miaka mitatu iliyopita nilishuka kwenye basi, mama akaniuliza mwanangu, umemaliza? Nilikuwa nimechoka, nina njaa, nikasema ndiyo. Kesho yake mbuzi kachinjwa. Mtaa mzima ukala, wakaniombea dua. Tangu siku hiyo naitwa Dokta, na hata ningemaliza ile ilikuwa shahada ya pili tu! Watu wananiletea vidonda. Kuna mzee nilimshauri juu ya kisukari chake. Mungu anisamehe.

Ukweli naliambia daftari hili peke yake. Leza ya semikondakta ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele, na ina udhaifu mmoja: haivumilii mwanga wake yenyewe ukiirudia. Ukirudi kiduchu, huenda hata ikatulia zaidi. Ukizidi, inaanza kupepesa. Ukizidi tena kidogo tu, vurugu! Haishikiki, haitabiriki. Niliandika kurasa mia na kumi nikidai nimegundua vurugu za aina mpya. Kumbe lenzi yangu niliinyoosha mno mbele ya leza, ikawa inairudishia mwanga wake. Dokta Tabu akasema kwa upole, iinamishe kidogo, Swalehe, upime upya, miezi minne tu. Mbele ya jopo zima. Niliona haya kiasi cha kutamani ardhi inimeze. Nikafunga begi.

Mpango: Jumanne niwe mgonjwa.

Jumapili, 20 Julai

Mpango wa ugonjwa umekufa. Mama kasikia habari za mgeni, kashona gauni. Anataka kumshukuru yule mama aliyemsomesha mwanawe. Ati atampelekea na jogoo! Nikasema nahisi homa. Akaniwekea kiganja shingoni, akasema sina kitu.

Mpango mpya, na huu ni wa akili. Nitaonyesha kitu cha ajabu hata Dokta Tabu asipate nafasi ya kuuliza mengine. Sauti juu ya mwanga! Simu inapiga kaswida, leza inaibeba, inavuka uwanja wa shule, kipande cha sola upande wa pili kinaipokea, spika inaimba. Hakuna waya.

Nikamwita Hemedy, fundi redio wa pale stendi, mtoto wa shangazi yangu Mwanasiti. Ni binamu, kwa hiyo ni mtani. Ananitukana mbele za watu nami sharti nicheke. Akauliza kwa nini nisitumie waya. Nikasema hii ni sayansi. Akasema waya anao, mita hamsini, ananiazima bure. Nikasema, Hemedy, sayansi! Akasema basi sayansi yangu ni ya kukwepa waya.

Lakini akafunga kila kitu, na ikafanya kazi! Kaswida ilitoka safi kabisa. Aibu ni moja tu: sola kaiegemeza kwa nusu tofali, imekaa upande kama mlevi. Ndivyo fundi wa stendi anavyofanya kazi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimebaki shuleni baada ya vipindi. Nikatoa lile tofali. Nikaleta pima maji ya fundi uashi, nikainyoosha sola mpaka kioo chake kikatazamana na leza uso kwa uso. Kazi ya msomi! Sikuijaribu tena, nikahofia kumaliza betri.

Viti pia nimepanga. Dokta Tabu kiti cha mbele upande wa leza. Mama na shangazi kule mwisho kabisa wa uwanja, karibu na spika. Hawatakutana. Leo nitalala vizuri mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumanne, 22 Julai

Lahaula!

Dokta Tabu hajabadilika. Kanipa mkono, kaniita Swalehe. Mkuu wa shule akamsahihisha, akamwambia hapa tunamwita Dokta. Dokta Tabu akanitazama. Nilianza kutokwa jasho tangu hapo.

Nikahutubia dakika kumi. Nikawasha. Spika ikakoroma. Si kaswida, ni mkoromo wa mtu aliyeshiba, kisha mluzi, kisha mkoromo tena. Wanafunzi mia nne wakacheka. Nikagusa waya, ikazidi. Nikampigia kelele Hemedy, akaapa kwamba Jumapili ilikuwa nzima. Mkuu wa shule akaziba masikio.

Dokta Tabu akainuka. Akauvuka uwanja polepole mpaka upande wa pili, akafika kwa mama na shangazi, akawaamkia, shikamooni. Akaiinamisha sola kwa vidole viwili. Tu! Kaswida ikatoka, safi, uwanja mzima. Watu wakapiga makofi. Akauliza nani aliyeinyoosha hivi. Hemedy akasema si yeye, yeye aliweka tofali. Akamsifu Hemedy kwa lile tofali, akaomba na namba yake ya simu. Mimi hakunisifu kwa lolote.

Nikafika mbio, nimechelewa. Mama alikuwa ameshamshukuru kwa shahada. Ameshamkabidhi jogoo. Dokta Tabu alikuwa ameshika jogoo kwapani, ananiambia mbele yao, bila ubaya wowote, kwamba ni kosa lile lile, Swalehe, lile lile la miaka mitatu. Kwamba nafasi yangu chuoni bado ipo, kanihifadhia. Kwamba mwisho ni Ijumaa hii saa tisa alasiri, nikasaini fomu mwenyewe Dar, na baada ya hapo jina linafutwa, hata yeye hana la kufanya.

Mama akauliza shahada ipi tena iliyobaki. Kaswida inaendelea.

Mama kafika nyumbani. Amevua gauni jipya, kalikunja, kalirudisha sandukuni. Bora angenipiga.

Jumatano, 23 Julai

Mama kasema baada ya swala ya alfajiri. Kwanza, niende Dar nikamalize, maana anataka kuiona shahada hiyo kabla hajafa. Hakusema kwa kutisha, alikuwa anapepeta mchele. Pili, kabla ya kuondoka, nipite nyumba zote zilizokula mbuzi niseme ukweli. Nikamuuliza nyumba zote? Akasema walikula wote.

Nikatoka. Nyumba ya kwanza kwa Bi Mwamvua, jirani. Nikamwambia sikumaliza masomo. Wallahi nilisema. Akauliza, kwani yapo mengine? Nikasema yapo, narudi chuoni. Akapiga kigelegele. Ati Dokta anarudi kuongeza! Ningemsahihisha. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa amefurahi mno, na mimi ni mtu wa huruma.

Nyumba ya pili habari zilinitangulia, ati naenda kusomea uprofesa. Ya tatu nilipewa ndizi. Ya tano nilijiita Profesa mwenyewe, lakini kwa sauti ndogo.

Hemedy kanikuta njiani na zile ndizi. Akasema njia ya mwongo ni fupi, ila mimi naipita kwa mzunguko. Sikucheka.

Alhamisi, 24 Julai

Nilikata shauri kuondoka kwa basi la asubuhi. Begi tayari. Nikafungua mlango, shangazi Mwanasiti yuko barazani na kina mama sita. Wameafikiana. Siwezi kwenda kusomea uprofesa bila dua. Karamu kesho baada ya swala ya Ijumaa. Bi Mwamvua analeta mchele, shangazi anapika. Mbuzi ametoka kwa mama.

Nikauliza kwa nini isiwe leo. Wakasema Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Nikajaribu kueleza habari ya saa tisa alasiri. Shangazi akasema chuo hakina miguu, hakitakimbia.

Mama alikuwa amesimama ndani. Alikuwa ananisubiri niseme. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikatazama chini, nikasema asanteni sana, mmenifanyia heshima. Mama akaenda kumfungua mbuzi. Ndiye wa mwisho, mtoto wa yule wa kwanza. Nimejificha chooni mpaka wakaondoka. Najichukia leo.

Ijumaa, 25 Julai

Asubuhi nimetumia akili. Nimemwandikia Dokta Tabu ujumbe kwamba siwezi kufika, nimefiwa. Nikaona bila jina haitakuwa na uzito. Nikaandika ni shangazi yangu Mwanasiti.

Karamu imefana. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenipakulia, na nyama ya paja. Akaniombea dua ndefu hata akalia. Mama hakula. Saa tisa ilipofika nilikuwa nimevishwa shada la maua.

Saa kumi jibu. Innalillahi. Dokta Tabu kasikitika sana, anamkumbuka yule mama, alimwitikia salamu vizuri siku ile. Kaenda mwenyewe kwa wakubwa, wameniongezea muda mpaka Jumatatu kwa ajili ya msiba. Na Jumapili anakuja Kibiti kuhani, pamoja na walimu wawili, na fomu anakuja nayo.

Mtu mwema kiasi hiki! Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumpigia nimweleze yote, simu ilikuwa mkononi. Kisha akili ikanijia.

Nimemwambia shangazi kwamba panya wameingia ghalani kwake kijijini Mbuchi, wanamaliza mpunga. Anaondoka kesho, harudi kabla ya Jumanne. Mama nitamwambia wageni wanakuja kunipongeza. Turubai la karamu halijashushwa, litafaa kwa msiba. Viti vipo. Nasaini fomu, wanakunywa chai, wanaondoka.

Nimeupitia mpango mara tatu. Umenyooka kabisa. Huko uani simu ya Hemedy inaita, anasema ni yule mama aliyesifu tofali lake.