Mbao Zangu Zitapinda

Jumatatu, 9 Agosti 1999
Drocella, mama yake Gad, amekuja kukagua. Jumamosi watu wa kwao wanakuja kumuomba mujukuu wangu Illuminée, aolewe na Gad. Akazunguka saloni yangu, ile Muzungu wa zamani alijenga muviringo kama chungu. Akauliza wageni watakaa wapi, kona hakuna. Eti nyumba ya kufugia kuku. Nimemujibu kuku wangu wana adabu. Bon. Nitaweka benchi yenye kufuata ukuta, toka mulango mpaka dirisha.

Jumanne, 10
Seremala Nzeyimana anataka kukata vipande vifupi, aviunge kimoja kimoja, wiki tatu. Anajenga kanisa? Mi nasuka vikapu tangu utoto: kitu kigumu unakiloweka, kinatii. Akaniita mukecuru, bibi kizee: eti mbao si majani. Nimepeleka mbao kwenye chemchemi ya maji ya moto ya Nyamyumba, kule watu wanajitibu.

Jumatano, 11
Wagonjwa wa mugongo wamejaa majini. Wananung'unika mbao zimewanyima nafasi. Nimewaambia zenyewe zinaumwa mugongo. Muchana zimelainika, nimezikaza kwa kamba kwenye vigingi. Zimepinda! Nzeyimana amekuja, amezigonga kwa kidole. Halafu eti zikae ndani ya kamba wiki mbili, zikauke. Wivu.

Ijumaa, 13
Nimefungua kamba. Zimelala ukutani kama mutoto mugongoni. Nzeyimana amepigilia misumari huku ananiomba zikinyooka nisitaje jina lake. Jina gani? Nani analijua?

Jumamosi, 14
Drocella amekaa katikati, makusudi. Muzee wao ameanza kumuomba musichana. Musumari ukalia. Wa pili ukaruka. Benchi ikajinyoosha polepole, ikatoka ukutani na wageni saba juu yake, mpaka magoti yao yakagonga yetu. Drocella akateleza chini. Nikajua posa imekufa, Illuminée atanilaani mpaka kaburini.

Muzee wao akakohoa. Akasema ameomba mabibi-arusi wengi, lakini hajawahi kuomba huku anasukumwa. Basi tumupe musichana upesi, kabla ukuta haujamutupa nje. Nyumba nzima ikacheka, hata Drocella, pale chini. Tumekubali, tumemutoa Illuminée.

Jumapili, 15
Nzeyimana amepita akitoka misa. Eti alisema zitanyooka. Nimemwambia kosa ni misumari yake na uzito wa Drocella.

Arusi iko Septemba. Saloni inataka kabati ya vyombo, muviringo vilevile. Mbao nimeshachagua, nene zaidi. Kamba nitafungua siku ileile ya kuzipinda. Zile za kwanza zilichoka kwa kufungwa sana.