Kilo Nne za Kwaresima

Redio aliingia na gazeti kwapani, akavuta kiti, akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Kwenye mkahawa wa Bi Evanthia hiyo ni ishara kwamba leo kuna habari inayowahusu wote, hata wasiotaka kuisikia.

"Sikilizeni, nyie wapagani," alisema. "Wataalamu wamekaa, wamepima watu, wamepima damu, wamepima mpaka mambo ya chooni. Wamegundua kwamba mfungo wetu wa Kwaresima ndio mlo bora kuliko yote. Imeandikwa hapa. Ukurasa wa tatu."

Jina lake ni Lambros, na alikuwa bwana misitu hadi alipostaafu. Tunamwita Redio kwa sababu hajapatikana wa kumzima.

"Soma tena," alisema mtu aliyekaa karibu na jiko la kuni.

"Nisome tena nini?"

"Hapo kwenye bora kuliko yote. Soma polepole, na uelekeze sauti kwa shemeji yangu."

Huyo ni Zisis, lakini hata mtoto wa chekechea hapa kijijini anamjua kwa jina la Pipa. Na shemeji aliyetajwa alikuwa meza ya pili, mgongo umenyooka, mbele yake glasi ya maji ya moto yenye kipande cha limau. Ni Kleanthis, kaka wa mke wa Pipa. Sisi tunamwita Kijiti. Akisimama ubavu, unaweza kuusalimia ukuta ukidhani ni yeye.

"Mimi sina shida na mfungo," alisema Kijiti kwa upole. "Nina shida na wewe."

"Leo siku ya thelathini na tisa!" Pipa aliinua vidole, vikamwishia, akavirudisha. "Sijagusa nyama. Sijagusa jibini. Yai nikiliona navuka barabara. Jana paka wangu kanywa maziwa mbele yangu nikamwombea msamaha. Leo napanda mizani ya daktari, na Jumapili ya Pasaka moto ni wangu. Wewe utakuja na kiti chako kama mgeni."

Niseme hapa kilichokuwa kinagombewa, maana si kidogo. Tangu baba yake afariki, Pipa ndiye anayechoma mwanakondoo wa Pasaka, mzimamzima kwenye chuma, uani kwake, na sisi wa kijiweni wote hula pale. Baada ya Krismasi daktari alimkuta na sukari iliyopanda na uzito ambao nitauacha bila kuutaja. Mkewe, Asimina, akaweka mkono kwenye picha takatifu ya Bikira akaapa: mpaka Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi awe amepunguza kilo tano. Akishindwa, moto unakwenda kwa kaka yake.

Na kaka yake, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa jina lake mwaka jana, alitualika tukala nyama ya kondoo iliyochemshwa bila chumvi. Ilikuwa na rangi ya ukuta wa ofisi ya posta. Redio aliificha yake mfukoni, na mbwa aliyetupiwa hakuifukia wala hakuila.

"Mwanakondoo unaweza kumwoka ndani ya karatasi ya foili," Kijiti alisema, akikoroga maji yake yasiyo na kitu cha kukoroga. "Mafuta yote yanatoka, unayamwaga. Inabaki protini safi."

Padri Thimio, aliyekuwa dirishani na kahawa yake, alijifanyia ishara ya msalaba.

"Unayamwaga?" aliuliza Bi Evanthia kutoka kaunta.

"Ndiyo, dada."

"Wapi? Nijue nisipite."

"Dada Evanthia, chakula ni dawa."

"Dawa inaliwa na mgonjwa. Wewe unaumwa nini?"

"Siumwi kitu! Ndiyo faida yake!"

"Ondokeni," Redio alisema akitazama saa ya ukutani. "Zahanati imefunguliwa. Kijiti, nenda naye ukawe shahidi. Huyu akienda peke yake atarudi na namba ya kiatu."

Zahanati iko ng'ambo ya uwanja, na daktari huja Alhamisi tu, binti mdogo aitwaye Mirto anayemalizia mwaka wake wa utumishi vijijini. Tuliwatazama kupitia dirisha wakivuka, mmoja akiyumba kama gari la nyasi, mwingine akifuata nyuma kama kivuli cha waya.

"Tuombe," alisema Redio.

"Ombeni wenyewe," Bi Evanthia alijibu. "Mimi nimemwona akila."

"Lakini anafunga, mama! Huwezi kufunga siku thelathini na tisa ukanenepa. Gazeti limesema."

"Gazeti halijamwona akila."

"Baba Padri, sema kitu."

Padri Thimio alijipapasa ndevu. Ni mtu mwema, na mpana. "Kanisa limetaja vilivyokatazwa," alisema. "Kuhusu kiasi, Kanisa lilidhani watu wana akili."

"Ndiyo maana hata wewe kanzu imeanza kukubana, Baba."

"Imenywea majini, Evanthia. Imefuliwa vibaya."

Hawakukaa sana. Mlango ulifunguliwa, Kijiti akatangulia, na uso wake ulikuwa na nuru niliyoizoea kuiona kwa watu waliotoka kumzika adui. Pipa alifuata, akakaa, akaomba maji. Pipa hajawahi kuomba maji.

"Haya," Redio alisema. "Zimepungua ngapi?"

Pipa alitazama jiko.

"Tatu? Tatu si mbaya, tutamwomba Asimina."

"Zimeongezeka nne," alisema Kijiti. "Na sukari imepanda. Daktari aliinuka kitini, akakagua mizani, akapanda yeye mwenyewe kuihakikisha. Mizani ni nzima."

"Thubutu!" Redio alisimama. "Nne? Katika Kwaresima? Mzee, watu wanapungua mpaka pete zinawadondoka, wewe unaongezeka?"

"Nimefunga!" Pipa alipiga kifua, na kifua kikaendelea kutikisika baada ya mkono kutoka. "Naapa mbele ya Padri! Sijavunja hata siku moja!"

"Basi tufanye uchunguzi," Redio alisema. Aliligeuza gazeti, akatoa kalamu, akaandika pembeni mwa ukurasa wa tatu. "Asubuhi unakula nini?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Na zeituni. Kuna dhambi hapo?"

"Hakuna. Mkate kiasi gani?"

"Wa kawaida."

"Kawaida yake ni mkate mmoja," alisema Bi Evanthia. "Na mwanzo wa wa pili."

"Wa pili ni wa kupangusia mafuta! Unataka niyamwage kama shemeji? Halafu halua kidogo."

Redio aliacha kuandika. "Halua."

"Ya ufuta! Haina maziwa, haina siagi, haina yai. Ni halali tangu enzi za mababu!"

"Kipande gani?"

"Halua haikatwi vipande, Lambros. Ina boksi."

Padri Thimio akakohoa kahawani.

"Mchana?"

"Ngisi. Ngisi hana damu, Baba Padri ni shahidi."

"Wa kuchemsha?"

"Tuheshimiane. Ngisi wa kuchemsha ni tairi. Wa kukaanga. Na viazi."

"Vya kukaanga."

"Sufuria lenyewe lilikuwa bado la moto! Ningelipoza bure? Na ile rojo ya mayai ya samaki, hayo yanaruhusiwa, maana ngisi mkavu anakwaruza koo. Na asali ya zabibu juu ya mkate, ya kufungia mdomo."

"Jioni?"

Pipa alishusha sauti. "Jioni nilikuwa na huzuni ya mfungo. Nyie hamjui, mtu akikosa jibini siku thelathini na tisa usiku unakuwa mrefu. Nikawa najifariji."

"Kwa kitu gani?"

"Halua."

Hata mimi, ambaye huwa nachelewa kucheka, nilicheka. Redio alikunja gazeti polepole kama mtu anayekunja bendera.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe hukufunga. Wewe ulibadilisha duka."

"Lakini mfungo..."

"Mfungo ni wa roho, Zisis," Padri alisema kwa huruma.

"Basi roho imepungua, Baba. Mwili haukupewa taarifa!"

"Ndiyo hasara ya ulimi," Kijiti aliingilia, na sasa alikuwa amesimama. "Mtu akiuachia ulimi uchague, ulimi unachagua kaburi. Mimi nakula maboga ya mvuke. Bila mafuta, bila chumvi. Miaka kumi na moja! Nitamwoka huyo mwanakondoo, na mtakula, na mtanishukuru."

"Tutakushukuru mbinguni," alisema Redio. "Tutakuwa tumefika mapema."

Bi Evanthia alikuwa ametoweka jikoni. Alirudi na sahani mbili, akaziweka mezani moja mbele ya kila shemeji. Mboga za mlimani alizochuma mwenyewe alfajiri, zimechemshwa kidogo tu, bado za kijani; dengu kando; juu kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni, limau, chumvi ya kidole.

"Kuleni."

"Kuna mafuta," alisema Kijiti.

"Hakuna viazi," alisema Pipa.

"Kuleni, nimesema, kabla sijawamwagia kichwani. Nyie wawili mna ugonjwa mmoja. Huyu anadhani kitamu chote ni halali, huyu anadhani kitamu chote ni sumu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupika kitu akakionja akaacha kijiko mapema."

Pipa alionja. Akaonja tena. Akatazama sahani kwa mashaka, kama mtu aliyekutana na jamaa asiyemjua lakini wanafanana pua.

"Hii inaruhusiwa?" aliuliza.

"Na daktari na Padri."

"Mbona tamu?"

"Kwa sababu iko sahani moja, mjinga wewe. Ikifika boksi itakuwa mbaya."

Kijiti hakugusa yake. Alikuwa anatazama dirishani, na nuru ile usoni ilikuwa imepungua, kwa sababu Asimina alikuwa anavuka uwanja akitokea zahanati. Ni mwanamke mfupi, mwendo wake ni wa mtu anayekwenda kuzima moto.

Pipa alisimama kabla mlango haujafunguliwa. "Mke wangu, nisikilize. Nimekosea, sikukudanganya. Nilidhani nikifunga ndiyo basi. Moto ule aliniachia baba. Nipe karipio lolote, ninyime kiti, ninyime divai. Usininyime moto."

Hakuna aliyefanya mzaha. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili.

Asimina alifunga mlango nyuma yake. "Nimeongea na daktari," alisema. "Kasema tatizo lako ni mawili. Unakula kama harusi, na unatembea kama sanamu ya mfadhili wa shule. Kasema unahitaji kazi ya mikono, ya saa nyingi, mpaka utoke jasho. Nikamuuliza, kugeuza mwanakondoo kwa muda wa saa sita, bila mota ya kuzungusha chuma, inafaa?"

"Bila mota?" Pipa alinong'ona.

"Mota nimeshamwazima jirani. Kasema inafaa sana. Moto ni wako, Zisis. Utageuza kwa mkono kuanzia alfajiri, na sahani yako nitaipakua mimi. Lakini kuonja marufuku. Ile kodi ya mgeuzaji, ya kuchuna ngozi iliyokauka na vipande vya ubavu kila unapozungusha, mwaka huu hailipwi kwako."

"Sasa italipwa kwa nani? Mgeuzaji asipoonja, atajuaje kama imeiva?"

"Kwa huyu." Alimgeukia kaka yake. "Kleanthis. Umewaeleza wenzako?"

"Kuwaeleza nini?" Redio aliinua masikio.

"Si lazima kila kitu..." alianza Kijiti.

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari alimtazama macho akiwa pale kumcheka mume wangu. Akamfunua kope, akamchoma kidole. Damu yake nyepesi kama chai ya kituo cha basi! Kasema anatembea kwa miujiza. Kasema ale nyama, tena nyekundu, tena leo kama si Kwaresima. Baba Padri?"

"Mgonjwa hafungi," alisema Padri Thimio haraka sana. "Hiyo iko wazi kabisa."

"Basi Pasaka utakaa kwenye kigoda pembeni ya Zisis tangu alfajiri," Asimina alimwambia kaka yake. "Kila kipande cha kuonja kinachotoka motoni kinaingia kinywani mwako. Nitakuwa dirishani nahesabu." Akachukua sahani ya mboga ambayo Kijiti hakuigusa, akaila yote akiwa amesimama, akamshukuru Bi Evanthia, akatoka.

Wale wawili walibaki wakitazamana kama wafungwa waliofungwa pingu moja.

"Miaka kumi na moja," alisema Kijiti. Nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe.

Pipa alivaa kofia yake. Kitu kilikuwa kinarudi usoni mwake, kidogokidogo. Akasogeza kiti hadi meza ya pili, akamzungushia shemeji yake mkono begani, na bega lote likapotea.

"Usijali, shemeji. Nitakuchagulia vizuri. Kuna kipande kiko chini ya mbavu, karibu na figo, ukikibana kinatiririka mpaka kwenye kiwiko."

"Zisis, nakuomba. Nipe nyama. Lakini yale mafuta yatoe."

Pipa aliweka mkono wake wa kulia kifuani, mahali pale pale alipoapia mfungo.

"Shemeji," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "mimi daktari kanikataza. Lazima apatikane mtu wa kuyala."