Bomba la Nta na Meno ya Mzee Masunga

Jumatatu, 1 Julai 1996
Furaha! Mzee Masunga, baba yake Kabula, katangaza mbele ya watu. Meno ya nyuma yamekwisha. Tangu Pasaka anakunywa mchuzi tu, na mtu mwenye ng'ombe wengi vile kuishia kwenye mchuzi ni aibu. Jumamosi anachinja dume lake zee. Atakayempikia nyama siku ya Saba Saba akaitafuna bila kuugulia, mshenga wake atapokelewa. Tunaomtaka Kabula tuko wawili. Mimi Anselmo, mtunza maabara wa sekondari. Na Ladislas, mchoma nyama wa Makanyagio, ambaye silaha yake ni kufunga nyama kwa majani ya mpapai. Majani! Zama hizi! Nimecheka njia nzima hadi nyumbani Nsemulwa.

Jumanne, 2 Julai
Mpango uko hivi. Utomvu wa papai una protini inayokatakata nyama ngumu. Ila umejaa takataka. Kitabu cha maabara kinaeleza namna ya kuichuja kisomi. Unajaza bomba chembe zilizopakwa kitu cha mafuta, kisichopatana na maji. Unapitisha utomvu wenye chumvi nyingi, protini inanata. Unapitisha maji matupu, inaachia, inatoka peke yake. Chembe zenyewe zinauzwa Ulaya. Mimi nina mchanga wa mtoni, na nta ya mjomba Enoka, mrina asali wa Ugalla. Nani kama mimi? Kuna ukurasa wa tahadhari. Mrefu. Nimeuruka.

Jumatano, 3 Julai
Nimechanja mapapai yote ya shule. Mikono inawasha balaa. Mkuu wa shule kauliza mipapai imepatwa na nini. Nikasema ugonjwa, nafuatilia. Nimejaribu utomvu mbichi kwenye kipande cha nyama, kikalegea mpaka kinachanika kwa kidole. Na huo ni mchafu! Ukisafishwa je?

Alhamisi, 4 Julai
Chumvi ya Uvinza, mchanga wenye nta, bomba likadondosha maji maangavu ya kupendeza. Nimeloweka nyama kutwa. Ngumu vilevile. Nikampa mbwa wa mlinzi, akatafuna kidogo, akaniangalia kwa lawama. Sababu iko wazi: nta haitoshi! Nimepaka tena.

Ijumaa, 5 Julai
Maji maangavu zaidi. Nyama bado gogo. Mwalimu Capitoline wa kemia kaingia bila hodi, kakagua, kasikitika. Kasema protini ni uzi uliokunjwa vizuri, sehemu zake zinazochukia maji zimejificha ndani. Ikikutana na nta, ambayo nayo haitaki maji, zile sehemu zinatoka nje kuifuata. Uzi unakunjuka, unajitandaza juu ya nta kama mgeni aliyeona mkeka. Nyingine haibanduki tena. Inayobanduka imeshapoteza umbo, na nguvu yote ya kukata nyama iko kwenye umbo. Kashauri nipunguze nta, au nitumie utomvu ulivyo. Nikamshukuru kwa heshima zote. Wivu tu.

Jumamosi, 6 Julai
Dume limechinjwa, kila mmoja kapewa paja. Nimepaka nta mara ya tatu. Habari njema: Ladislas kasikia nina bomba, kaingiwa na hofu. Kapaka nyama yake utomvu, kaifunga majani tabaka kwa tabaka, kaiacha hivyo mpaka kesho. Masikini, kanichokoza kwa majani!

Jumapili, 7 Julai, Saba Saba
Nimekwenda na chupa yangu safi. Nikabeba na kopo la utomvu mbichi, nimeliandika UCHAFU, wazee waone tofauti. Kabula kapokea vyote, kaingia jikoni kuloweka nyama yangu. Mimi nikabaki nje nawafafanulia wazee sayansi. Wawili walisinzia.
Ladislas kafungua majani yake. Uji! Mzee kasema yeye aliomba nyama. Ikaja yangu. Mzee katafuna. Kafumba macho. Katafuna tena, kameza, kapiga paja kwa kicheko, kaniita ng'wanawane, mwanangu, nilete mshenga wiki hii hii. Nimelia mbele za watu. Sijali! Hata Ladislas kanipa mkono, kisha akala sahani mbili.

Jumatatu, 8 Julai
Kabula kapita maabara. Kaniambia huku anacheka kwamba maji yangu aliyajaribu kwenye kipande, hayakufanya kitu, akawamwagia kuku wanywe. Nyama kailoweka kwenye lile kopo la UCHAFU, maana hakuwa tayari kuolewa na Ladislas.
Nimefurahi kupita kiasi. Ananipenda! Anaona haya kulisifia bomba langu mbele yangu, ndiyo maana katunga hadithi nzima ya kuku.
Harusini watachinjwa ng'ombe watatu. Nimetuma salamu kwa treni, mjomba Enoka alete nta madebe matatu. Safari hii sibanii.