Ombi la Kuongezewa Miaka Arobaini na Saba kwa Ajili ya Chujio la Mafuta

Alhamisi asubuhi,
Meza ya mapokezi, chini ya ngazi ya ofisi yako.

Kwa Mjomba, ambaye kwa saa za kazi ni Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, ila nina malalamiko.

Ninaandika badala ya kupanda kwa sababu kila nikifika mlangoni kwako unaniuliza kama nimekula, nami najibu ndiyo, halafu nashuka. Mpaka leo sijawahi kukuambia jambo lolote isipokuwa hilo, na mara nyingi si kweli.

Kesho ni Ijumaa, siku uliyosema utaamua kama nibaki hapa gereji nijifunze ufundi, au niende kwa mama mdogo nikashone mapazia. Sina ubaya na mapazia. Lakini pazia halina injini, na mimi tangu nimalize shule nimeota injini tu. Kwa hiyo naomba barua hii uisome leo, hata kama ni ndefu.

Inahusu pikipiki ya maji ya daktari wa meno, ile ya njano. Unajua kwamba niliiosha mimi, siku yangu ya kwanza kazini, kila pembe na kila tundu. Daktari alisema hajawahi kuiona safi namna ile. Akaipeleka majini, ikakimbia dakika chache, ikakohoa, ikazima. Ikarudi jioni hiyohiyo ikivutwa kwa kamba. Leo ni siku ya nane haijawaka, na hakuna aliyeigusa kwa spana. Sababu zake ni hizi:

1. Kanuni ya ukutani. Uliiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUSHIKA SPANA KABLA WOTE HAWAJASEMA. MKUBWA AANZE. Najua uliiweka baada ya yule fundi wa zamani kufungua pampu nzima wakati tangi lilikuwa tupu. Ni kanuni nzuri. Lakini tuko wanne, mimi ndiye mdogo, na zamu yangu haijawahi kufika kabla ya saa ya kufunga. Kesho yake tunaanza upya, maana Babu Sikio anasema maoni yakilala yanachacha.

2. Babu Sikio mwenyewe. Namheshimu kama babu yangu mzazi. Lakini yeye hafanyi uchunguzi, anasikiliza. Siku ya kwanza aliweka sikio kwenye tangi, akafumba macho, akasema, "Hii imebanwa pumzi." Basi. Na kila siku anasema hayohayo, kisha anakaa kwenye tairi lake kusubiri wengine wamalize, na wengine hawamalizi. Mjomba, nimesoma kitabu cha mashine hii mara tatu, isipokuwa kurasa mbili zilizogandana kwa grisi, ambazo naamini hazina jambo kubwa. Hakuna mahali nilipoona neno pumzi. Kitabu kinasema: mafuta yamo? Koki iko wazi? Chujio ni safi? Ndivyo watu waliosoma wanavyotafuta ugonjwa.

3. Bwana Cheche. Kwa kuwa ni fundi umeme, ugonjwa wowote kwake ni umeme. Anaanza, "Jamani, moto kwanza!" na kutoka hapo anaingia kwenye hadithi ya jenereta aliyoifufua zamani, ambayo kila siku inazidi kuwa kubwa. Jumatatu ilikuwa ya duka. Jana ilikuwa inawasha mtaa mzima.

4. Kaka Rangi. Ana miaka ishirini na sita na kazi yake ni kupaka rangi. Anasema mafuta yamechacha. Amejuaje, na tangi halijafunguliwa? Nilipoinua mkono kuuliza, aliniambia, "Tulia mdogo wangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mkuu gani, Mjomba? Mwaka juzi tulikuwa tunapanda basi moja la shule, yeye akiwa kondakta, na alikuwa ananirudishia chenji pungufu.

5. Wageni. Hapa ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Siku ya tano Bwana Cheche alisema si haki daktari wa meno asiseme wakati chombo ni chake na umri anao. Daktari akasema anahisi ni mzizi. Siku ya sita aliingia mtu kuuliza njia ya kwenda posta. Wakamuuliza umri. Akasema thelathini na tisa. Wakampa kiti! Alizungumza nusu saa, tena vizuri, kuhusu baiskeli. Mpaka sasa hatujui kama aliipata posta.

6. Daktari. Likizo yake ni ya wiki mbili. Kila asubuhi anakuja akiwa tayari amevaa jaketi la kuokolea, anapanda pikipiki yake katikati ya gereji, anashika usukani na kuangalia ukuta. Jana niliona anainama upande kama anakata kona.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Ni kweli, neno haliharibiki. Kinachoharibika ni likizo ya daktari.

Mimi najua ugonjwa, Mjomba. Ni chujio la mafuta, limeziba. Nina hakika tangu siku ya kwanza. Ni kazi ya dakika kumi, na kinachonizuia ni tarehe yangu ya kuzaliwa tu. Basi, kwa kuwa kanuni haiwezi kufutwa (rangi ile ni ya mafuta, nimejaribu kuikwangua kidogo na ukucha, samahani), naomba kibadilishwe kilicho rahisi zaidi, yaani umri wangu.

Naomba niongezewe miaka arobaini na saba. Babu Sikio ana sitini na minne, mimi nina kumi na minane, hivyo nitakuwa na sitini na mitano na nitaanza kusema. Miaka hiyo iwe ya kazini tu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nyumbani nitaendelea kuosha vyombo kama kawaida.

Nimefikiria matokeo yake ili usipate tabu. Kaka Rangi atanipa shikamoo kila asubuhi, na nitaitikia bila kinyongo. Bwana Cheche ataniomba ruhusa kabla ya kuanza hadithi ya jenereta. Babu Sikio atakuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, kwa hiyo ataniachia lile tairi. Na wewe, Mjomba, kwa kuwa una hamsini na mitatu, utakuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili. Usiogope. Nitakutendea haki. Ukija mezani kwangu na shida, nitakuuliza kama umekula.

Nakuomba radhi kwa mwandiko. Meza hii inayumba mguu mmoja. Nisalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mama mdogo na cherehani yake. Na yule bwana wa posta akipita tena, naye nisalimie.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
miaka kumi na minane kwa sasa,
wa mapokezi.

Tanbihi: Mjomba, asubuhi sikupata nguvu ya kupanda ngazi, barua ikabaki mezani. Mchana wenzangu wakaenda kula. Nikaona nilifungue chujio nikuletee uchafu wake kama ushahidi.

Chujio ni safi kama sahani ya wageni.

Nikafungua kifuniko cha tangi kuangalia mafuta. Tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Nikazibandua zile kurasa mbili kwa wembe. Zote mbili zinaeleza mpira mdogo ambao tangi hupumulia, na kwamba ukiziba, mafuta hayatoki na injini haiwaki. Nikaufuata mpira kwa mkono hadi mwisho. Ulikuwa umezibwa na kipande cha kifutio cha shule chenye alama za meno.

Meno ni yangu. Siku ile ya kuosha niliona tundu wazi nikadhani ni uzembe wa watu, nikalihurumia lisije likaingia maji.

Nimekitoa. Nikabonyeza kitufe, ikanguruma mara moja, nikaizima upesi kwa kuwa haiko majini. Walikuwa wanarudi, wakasikia. Bwana Cheche akapiga kelele, "Si niliwaambia? Moto!" Babu Sikio akaja akaweka sikio kwenye tangi, akasema, "Sasa inapumua." Kisha akaniangalia, akakaa kwenye tairi lake, akasema, "Haya. Leo mdogo aanze."

Wamekaa duara wananisubiri, na daktari yuko nao na jaketi lake. Nimewaambia nakuja, napeleka barua juu kwanza. Kifutio ninacho mkononi. Nikishuka nitawaambia, hata kama kesho ni mapazia.

Ila naomba ombi langu libadilishwe. Badala ya kuongezewa arobaini na saba, nipunguziwe kumi. Mtoto wa miaka minane akiziba tundu kwa kifutio, watu humsamehe.

Na leo, Mjomba, sijala.