Vita vya Nyar Gwassi na Kuku Mwekundu

Kusanyikeni, enyi watu wa ziwani na wa milimani, nanyi mnaopara samaki wekeni visu chini! Nawasimulia vita vikuu vilivyopiganwa Karungu, mwaka wa pili tangu bendera yetu ipande, vita ambavyo wakubwa wa serikali hawakuviandika popote, kwa uvivu wao tu. Shujaa wake ni Benta mke wa Fanuel, aliyeitwa Nyar Gwassi, kwa kuwa mke huitwa binti wa huko alikotoka.

Basi Benta hakuwa na moto wake. Mke mgeni hupika katika jiko la mama mkwe, hadi siku mama mkwe atakaporidhika na kumpa mafiga yake matatu. Na huyu Roselyn, mama Fanuel, malkia wa moshi, hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Jiko lake lilikuwa pori: kuni nje, maji kule ndani gizani, mwiko umechomekwa kwenye nyasi za paa, chumvi Mungu ndiye ajuaye. Na kando ya moto, mahali pazuri kuliko pote, alitawala kuku mwekundu akiatamia mayai.

"Nyar Gwassi," akanena mama Fanuel Jumapili asubuhi, mikono kiunoni, "leo Mchungaji Cephas anakula kwangu. Ile siku nyingine alienda na njaa, na habari ikafika mpaka Osiri! Ugali ukimfikia kabla hajasema Amina, leo hii nakupa mafiga. Ukichelewa, utapika hapa mpaka uzeeke."

"Nimesikia, mama. Lakini niruhusu nihamishe vitu."

"Hamisha. Mafiga yangu tu usiguse."

Ndipo Nyar Gwassi alipojifunga leso kiunoni akaingia vitani. Kuni akazipanga kushoto, mtungi akauburuta hadi pa kuufikia bila kuinuka, mwiko akauteka kutoka paani akauweka kulia, na chumvi ikapatikana ndani ya kiatu cha marehemu babu. Kuku akahamishwa kwa heshima zote, yeye na mayai yake, hadi nyuma ya mtungi, na mahali pake likakaa kapu la unga wa mtama na muhogo, limefunikwa ungo.

Mchungaji akafika, akaketi, akafumba macho, akaanza kuomba. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa, akaombea serikali. Jikoni samaki tayari, maji yakitokota. Benta akanyoosha mkono kwenye unga, na lo! Kuku amerudi kwenye kiti chake cha enzi, kakaa juu ya ungo, manyoya yamesimama.

Hapo shujaa alikwama. Kumfukuza hawezi, kwa maana kuku angepiga kelele, na ilijulikana Karungu nzima kwamba Cephas akikatizwa huruka moja kwa moja hadi Amina.

"Ewe malkia wa mabawa," akanong'ona Benta, "mimi na wewe tunagombea moto uleule. Nyamaza basi tushinde wote."

Akamnyakua, akambana kwapani, na kuku akatulia. Kwa mkono mmoja akamimina unga, kwa mkono huohuo akasonga, sufuria ameizuia kwa kijiti alichokikanyaga, na hakuinuka hata kidogo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa pale pale. Cephas alipofikia kuwaombea majirani wa ng'ambo ya mpaka, ugali uliiva. Benta akatoka mbio, sinia mkononi.

"...Amina," akasema Mchungaji, akafumbua macho, na ugali ukamfukizia mvuke usoni. "Aleluya! Nimekula katika nyumba nyingi, lakini nani aliwahi kunikaribisha na ugali mkono huu na zawadi ya kuku mkono ule?" Akampokea kuku, akamfunga miguu kwa kamba. Mama Fanuel akanyoosha mkono amchukue kuku wake, akaurudisha. Zawadi ya mgeni hairudishwi.

Jioni mama Fanuel akaja na mafiga matatu kwenye karai, kayabeba mwenyewe.

"Shika. Nenda ukapange kwako, kabla hujagawa na ng'ombe wangu! Na yale mayai chukua, ukayaatamie mwenyewe."

Akajikaza asicheke, akashindwa. Benta akacheka huku analia.

Ijulikane basi kwa vizazi vyote kwamba jioni ile moshi ulipanda mahali pawili katika boma moja, na Karungu ikapata jiko jipya: kuni kushoto, maji karibu, mwiko kulia. Na kando ya moto, mahali pazuri kuliko pote, Nyar Gwassi akaweka mayai.