Kitufe cha Kijani cha Sufian

Siku Sufian alipoifungua tovuti ya kanisa moja la mtaa wa Namuwongo, alicheka mpaka chai ikampalia. Njiwa mweupe alikuwa akiruka kutoka pembe hii ya kioo hadi pembe ile bila kutua. Kwaya ilianza kuimba yenyewe, na hapakuwa na mahali pa kuinyamazisha. Maandishi ya manjano yaliikaa picha ya mchungaji usoni, na ratiba ya ibada ilikuwa ya mwaka wa Korona. Alipobonyeza "Toa Sadaka", alipelekwa kwenye picha ya keki.

Mtu mwingine angefunga simu akaendelea na maisha yake. Sufian aliacha kucheka, akaitazama ile keki kwa heshima. Kanisa zima la wanajeshi wastaafu, polisi na wake zao, watu wenye pensheni na mioyo laini, walitaka kutoa, ila mlango ulikuwa umezibwa na keki. Wajinga ndio waliwao, lakini hawa maskini hawakuwa hata na njia ya kufika mezani.

Tumjue basi huyu Sufian. Alizaliwa mtaa wa jirani, Kisugu, mjukuu wa watu wa pwani waliokuja kuuza nguo wakalowea. Kutoka kwao alirithi Kiswahili kilichonyooka, biashara hakurithi. Alimpenda Zahara, binti wa muuza vitambaa, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake lisilokuwa na ujanja ndani. Mahari alikuwa ameshaikusanya, nyingine kwa jasho na nyingine tusiulize. Lakini baba yake Zahara alitaka kuona na duka pia. "Mahari huoa siku moja," mzee alimwambia. "Duka huoa kila siku." Kilichobaki basi kilikuwa duka.

Alimkuta Sajini Atoo, mama mstaafu wa jeshi na mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akisimamia watu wanaofagia ua.

"Afande, naomba niwatengenezee tovuti mpya," Sufian alisema. "Sitaki hata shilingi. Ni sadaka yangu."

"Jina yako nani?"

"Sufian."

"Wewe Mwislamu."

"Ndiyo, afande."

"Hakuna shida. Nusu ya ndugu yangu inaswali Ijumaa. Lakini ile mtu ya njiwa, tulimlipa pesa yote. Ya pili tulilipa, akapotea na kompyuta yetu. Wewe unafanya bure, ssebo?"

"Bure kabisa."

Sajini Atoo alimkagua kuanzia viatu kwenda juu. "Kale, sawa. Na sadaka inaingia kwa simu ya nani? Mtu akituma, jina inatokea. Kama jina si ya mtu wetu, hakuna mtu anatuma."

Swali hilo Sufian alikuwa ameshalipatia dawa. Kando ya reli aliuza mihogo ya kukaanga dada mmoja, Akwero, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lile lile. Akwero angesajili laini mpya kwa kitambulisho chake, na kamati ikiona jina lake ingetulia. Laini yenyewe na namba ya siri vingekaa mfukoni mwa Sufian. Jumapili sadaka ingeingia, Jumatatu yeye angeitoa yote kwa wakala wa Bugolobi, kisha Akwero angekatiwa fungu lake.

"Na wakiuliza, mimi nasema nini?" Akwero aliuliza.

"Sema laini ilipotea."

"Kale," Akwero akakubali, akageuza mihogo yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Sufian aliinama hasa. Njiwa alimtimua. Kwaya aliipa kitufe chake, iimbe ikiombwa. Ratiba aliiweka juu kabisa, kwa herufi ambazo hata asiye na miwani angezisoma. Kisha akawakalisha kina mama kwenye benchi, akawapa simu mmoja mmoja, naye akatazama kidole kinapotea wapi. Fundi gani wa halali amewahi kufanya hivyo?

"Hii nyekundu sigusi," Sajini Atoo alisema alipofika kwenye kitufe cha sadaka. "Jeshini walitufundisha, nyekundu unaacha."

Kitufe kikapakwa kijani. Mama mmoja kidole chake kilikuwa kinene, na kitufe kikanenepeshwa. Mwingine alishuka chini ya ukurasa akakipoteza, basi kikafundishwa kumfuata mtu: ukishuka kinashuka, ukipanda kinapanda. Aliyetoa angepata ujumbe wa shukrani, na kila Jumapili asubuhi ujumbe wa kumkumbusha. Atakayechoka na ujumbe huo angeweza kujiondoa, ila mahali pa kujiondoa Sufian alipaficha mwisho wa historia ya kanisa, kwa herufi za kijivu juu ya kijivu. Alifanya kazi akipiga mluzi, na haya nayasema kwa masikitiko, hajawahi kuwa na furaha kama ile katika kazi yoyote ya kweli.

Jumapili ya uzinduzi palikuwa na keki, safari hii ya kuliwa. Utepe ulifungwa kwenye kompyuta, mchungaji akaukata, na kila atakayetoa, jina lake lingetokea ukutani kwa projekta pamoja na kiasi. Watu walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Sufian alijua sufuria haichemki bila kuni za mwanzo. Akasimama mbele ya wote, akatoa simu yake, akabonyeza kitufe cha kijani na kutuma mahari yote ya Zahara. Kwake ilikuwa ni kuhamisha pesa kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Jina lake lilipotokea ukutani, shingo zote zilimgeukia. Kisha Sajini Atoo akasimama wima, akampigia saluti.

Hapo moto ukawaka. Kapteni mstaafu hakukubali kushindwa na kijana wa Kisugu. Polisi wa trafiki hakukubali kushindwa na kapteni. Bibi ambaye hajawahi kutuma hata ujumbe alibonyeza mwenyewe, akapigiwa vigelegele. Sufian alitokwa na machozi, na yalikuwa ya kweli, kwa maana alikuwa anaona duka lake likijengwa tofali kwa tofali.

Jumatatu, Bugolobi, simu ilikataa. Aliizima akaiwasha, akaitoa laini akaipuliza. Wakala aliitazama kidogo, akamrudishia.

"Hii imekufa, boss. Mwenye jina amechukua laini nyingine ya namba hii hii."

Alifika relini akitweta. Akwero alikuwa anakaanga mihogo. Kwenye benchi, na kipande cha muhogo mkononi, alikuwa amekaa Sajini Atoo.

"Akwero, laini iko wapi?"

"Ilipotea," Akwero akasema. "Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Kaa, mwanangu," Sajini Atoo akasema. "Huyu aliniambia siku ile ile. Mimi nikawaza: mtu ya kulipwa, ukishamlipa analala. Lakini mwizi, kama anafikiri mlango ni yake ya kupita, anatengeneza vizuri. Anapaka mpaka mafuta. Basi nikasema, mwache afanye. Sasa hata mama yangu anatoa peke yake."

"Afande, humo mna pesa yangu. Ile ya kwanza. Ilikuwa mahari."

"Ulitoa mbele ya kanisa. Nilikupigia saluti."

"Nilitoa kwa mfano tu."

"Na mfano ilikuwa nzuri. Mabati ya kanisa imenunuliwa asubuhi. Kula muhogo."

Sufian alifikiria kwenda polisi, kisha akakumbuka ni nani wanaoimba besi katika kwaya ile. Akala muhogo.

Zahara alipoelezwa alicheka mpaka akashika kabati la vitambaa. "Anza upya," akamwambia. "Baba anangoja duka. Mimi nangoja mume, na sote wawili tunazeeka." Maneno hayo yalimchoma Sufian kuliko mahari yenyewe, akaapa kuanza upya siku hiyo hiyo.

Jumapili asubuhi simu ililia. "Ndugu Sufian, tunaukumbuka moyo wako mkunjufu. Leo ni Jumapili tena." Alifungua tovuti ili ajiondoe. Alishuka kwenye historia ya kanisa, mchungaji wa kwanza, mchungaji wa pili, akikodoa macho kutafuta kijivu ndani ya kijivu, na kitufe kinene cha kijani kikashuka naye hatua kwa hatua. Kidole kikateleza.

"Asante," simu ikaandika, kwa maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe. "Sasa weka namba yako ya siri."